Mkono Unaochora Jiwe Uchore na Kitabu

Nazungumza nawe, msikilizaji, kutoka Ikonge, hapa Nyamira, Kenya. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kazi ya mikono ambayo wengi wetu tumeiona kwenye picha tu. Ni kazi ya kuandika kitabu kwa kalamu na kukitia nakshi kwa rangi, jinsi ilivyofanywa karne na karne kabla ya mashine ya kupiga chapa. Nina mambo mawili ya kukueleza. La kwanza, kazi hii ina mizizi mirefu Afrika Mashariki. La pili, mtu wa Ikonge ambaye hajawahi kuigusa anaweza kuianza kwa vitu vilivyomo nyumbani kwake, na anayo sababu nzuri ya kuianza.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Huko Ulaya katika zama za kati, takriban kati ya mwaka 500 na 1500, kitabu kilikuwa ngozi ya mnyama. Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi ililowekwa kwenye maji ya chokaa, ikatolewa manyoya, ikawambwa kwenye fremu ya mbao na kukwanguliwa kwa kisu cha mviringo huku ikikauka, mpaka ikawa nyeupe na laini. Mwandishi alipiga mistari, akaandika maneno kwa unyoya wa bata bukini, akaacha nafasi tupu pale ambapo herufi kubwa ya kufungua sura ingekaa. Ndipo mpambaji alipoupokea ukurasa. Alichora umbo kwa mstari mwepesi, akabandika jani la dhahabu, akapaka rangi, na mwisho akazungushia umbo lote mstari mweusi. Dhahabu ilitangulia rangi kwa sababu ya msingi kabisa: ilipaswa kusuguliwa kwa jiwe laini au kwa jino la mbwa ili ing'ae, na msuguo huo ungeichubua rangi iliyokwisha kupakwa. Kitabu cha Kells, chenye Injili nne, kiliandikwa karibu mwaka 800 na leo kinatunzwa Trinity College mjini Dublin. Mtu akikitazama huona herufi moja imejaza ukurasa mzima, na ndani yake kuna mafundo, ndege na wanyama waliosukwa kama ukili.

Rangi zenyewe zilisafiri mbali. Buluu iliyothaminiwa kuliko zote ilisagwa kutokana na jiwe la Badakhshan, katika milima ya Afghanistan, na katika Ulaya bei yake ilitajwa pamoja na ya dhahabu. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuta chembe za buluu hiyo kwenye ukoga uliogandamana na meno ya mwanamke aliyezikwa Dalheim, Ujerumani, kwenye makaburi ya nyumba ya watawa, miaka 1000 hivi iliyopita. Maelezo waliyoyaona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba alikuwa mpambaji wa vitabu, na alikuwa akiichonga ncha ya brashi kwa ulimi. Kwa muda mrefu wasomi walidhani kazi hii ilikuwa ya wanaume watawa peke yao. Meno ya mama yule yametoa ushahidi mwingine.

Sasa turudi kwetu. Ukivuka mpaka wa Kenya kaskazini ukaenda hadi Tigray, Ethiopia, karibu na mji wa Adwa, utafika kwenye monasteri ya Abba Garima. Humo mna vitabu vya Injili vilivyoandikwa kwa Kige'ez juu ya ngozi ya mbuzi, vyenye picha za rangi za waandishi wa Injili na kurasa zilizopambwa kwa matao na ndege. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa Oxford vimeonyesha kwamba ngozi hiyo ni ya kati ya karne ya 4 na karne ya 7. Kwa hiyo vitabu hivyo ni vikongwe kuliko Kitabu cha Kells, na vimo katika orodha ya vitabu vya Injili vyenye picha vilivyo vya kale kabisa duniani. Waethiopia hawakuiacha kazi hiyo. Hadi leo wapo waandishi wanaowamba ngozi, wanaochonga kalamu ya tete, wanaochanganya wino mweusi kwa masizi, na wanaotumia wino mwekundu kwa majina matakatifu. Juu ya ukurasa wa mwanzo huweka nakshi ya mistari iliyosukana, waiitayo harag.

Geuka upande wa bahari. Mji wa Siyu, kwenye kisiwa cha Pate, ulivuma katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wa misahafu. Walitumia karatasi iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Ulaya, wakaandika Kurani kwa mkono, na kwenye kurasa za mwanzo, za katikati na za mwisho wakaweka fremu za nakshi. Rangi zao zilikuwa chache, hasa nyeusi, nyekundu na njano, lakini ukitazama kazi yao huoni upungufu wowote. Siyu hiyohiyo ilikuwa na mafundi wa ngozi na wachonga milango, na wanaozichunguza nakshi zake huona kwamba mbao na karatasi zilikuwa zikizungumza. Umbo la ua lililochongwa kwenye kizingiti unaweza kulikuta pembeni mwa ukurasa.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa mzee mmoja wa Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa karibu mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mwandishi wa khati. Wasomi wa Ulaya waliotaka tenzi za Kiswahili, akiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimwomba awanakilie. Alizinakili kwa herufi za Kiarabu zilizonyooka vizuri, na kurasa za kichwa akazipamba kwa wino wa rangi. Leo miswada yake imo katika maktaba za London na Ujerumani, na wasomi wanazisoma tenzi kupitia mkono wake. Nakuomba ulishike jambo hili, msikilizaji: mkono uliochonga mlango ndio uleule uliopamba ukurasa. Kijuma hakuona ukuta kati ya kazi hizo mbili.

Nalishikilia jambo hilo kwa sababu ya hali yetu sisi Abagusii. Sisi tuna mafundi wengi wa nakshi. Nenda Tabaka, kule Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, uone jinsi jiwe laini linavyochimbwa, linavyochongwa, na jinsi akina mama wanavyolisugua kwa msasa na maji mpaka liwe laini mkononi. Halafu tazama hatua ya mwisho. Fundi huchukua sahani au kibweta, hukipaka rangi nje, nyeusi au nyekundu, kisha kwa ncha ya chuma huikwangua rangi hiyo mstari baada ya mstari, na weupe wa jiwe hujitokeza ukiwa twiga, jani au msururu wa pembetatu. Mistari ile ni myembamba, inafuata mviringo wa chombo, na fundi haipimi kwa rula. Kutoka katika utamaduni huohuo ametoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake ya jiwe imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo hana sababu ya kuiogopa karatasi.

Kwa hiyo sasa nataka tuingie jikoni na shambani, nikueleze unavyoweza kuanza. Nayasema haya kama mtu anayejifunza, anayekaa mezani jioni na kuijaribu kazi hii kwa furaha kubwa, na ninayoyasema ni yale ambayo mkono wa mwanafunzi unaweza kuyafanya.

Anza na wino. Wino mweusi wa kale kabisa ni wa masizi. Washa koroboi, ushikilie bakuli la bati juu ya ulimi wa moto, na masizi laini yatajikusanya. Yakwangue taratibu, uyasage pamoja na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwa maji. Gundi hiyo hutoka kwenye migunga ya nchi kame za kaskazini mwa Kenya, na wafanyabiashara huiuza mbali hadi ng'ambo. Saga kwa muda mrefu, maana masizi hayapendi maji na yanahitaji kulazimishwa. Wino huu haufifii kwa jua wala kwa miaka.

Kuna wino wa pili ambao Nyamira imebarikiwa kuwa na malighafi yake. Ulaya walichemsha vinundu vya mti wa mwaloni vyenye tanini nyingi, wakachanganya na chumvi ya chuma, na mchanganyiko ukageuka mweusi. Tanini imejaa kwenye majani yetu ya chai na kwenye maganda ya miwati inayosimama kandokando ya mashamba yetu. Chemsha chai nzito kabisa. Pembeni, loweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa siku kadhaa. Ukivichanganya vimiminika hivyo viwili utaona rangi ikigeuka mbele ya macho yako, kutoka kahawia hadi kijivu kizito cheusi. Lakini ujue kwamba wino wa chuma una asidi, na ukizidi ukali hula karatasi baada ya miaka mingi. Utumie kwa mazoezi, na kazi unayotaka idumu uiandike kwa masizi.

Kalamu nayo ipo. Bata mzinga wengi wa vijijini kwetu wana manyoya makubwa ya mabawa, na manyoya hayo ni mazuri kwa kalamu. La bawa la kushoto hukaa vyema kwenye mkono wa kulia. Lichomeke kwenye mchanga wa moto kwa muda mfupi ili lipate ugumu, kisha lichonge kwa kisu kikali, ncha uikate bapa na uipasue katikati ili wino uteremke. Ukitaka kufuata njia ya pwani na ya Ethiopia, shuka bondeni ukate tete lililokauka, nalo ulichonge hivyohivyo.

Rangi nyekundu iko chini ya miguu yako. Udongo mwekundu wa milima yetu una madini ya chuma, na madini hayo ndiyo rangi ambayo binadamu ameitumia tangu zama za mapango. Chukua udongo safi, usage, uukoroge ndani ya maji. Subiri kidogo mchanga utulie chini, kisha mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine. Rudia mpaka yabaki maji yenye chembe laini tu, uache yatuame, umwage maji, ukaushe unga. Udongo wa njano hufanyiwa vivyo hivyo. Kwa buluu huna haja ya kwenda Badakhshan. Katika miaka ya 1820 Wafaransa walipata njia ya kuitengeneza buluu ileile kiwandani, na baadaye ikauzwa kote duniani hata kwa kung'arisha nguo nyeupe. Ile buluu ya unga ya kufulia, ya namna ya zamani, ni ndugu wa jiwe la Afghanistan.

Ili rangi ishike unahitaji yai. Tenga ute na kiini. Upige ute mpaka uwe povu jeupe, uuache usiku kucha, na asubuhi utakuta maji meupe yamejikusanya chini ya povu. Maji hayo ndiyo waliyoyatumia wapambaji wa zama za kati. Changanya na unga wa rangi, upake kwa tabaka nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Kuhusu dhahabu, nashauri uiache kwanza. Jani la dhahabu ni jembamba kiasi kwamba pumzi hulipeperusha, na njano ya udongo iliyopakwa vizuri hufanya kazi yake kwa heshima, kama nakshi za Siyu zinavyotuonyesha.

Nina onyo moja kwa wazazi na walimu. Baadhi ya rangi za kale zilikuwa sumu: nyeupe ya risasi, njano ya aseniki, nyekundu ya zebaki, kijani cha shaba na siki. Msiwape watoto rangi hizo. Udongo, masizi na yai vinatosha, na brashi isipitishwe mdomoni.

Ngozi je? Mwenye mbuzi na subira anaweza kuijaribu. Anayejua kuwamba ngoma ameshajua nusu ya kazi, kwani ngozi ya kuandikia haitiwi dawa ya kuifanya iwe ya viatu. Huwambwa mbichi, hukaushwa ikiwa imevutwa pande zote na kukwanguliwa mpaka iwe nyembamba. Kwa anayeanza, karatasi nzito inatosha.

Sasa kaa mezani. Piga mistari kwa penseli. Urefu wa herufi ndogo uwe mara nne au tano ya upana wa ncha ya kalamu yako, hapo herufi hazitanenepa wala kukonda. Andika maneno kwanza, uache nafasi ya herufi ya mwanzo. Ukimaliza maneno ndipo upambe. Katika kupamba usikimbilie ua la Ulaya. Chora kinachoota hapa kwetu: suke la wimbi, jani la mgomba, chipukizi la chai, mmea wa boga unaotambaa kwenye ua wa nyumba. Mpambaji wa Ethiopia alichora alichokizoea, na fundi wa Siyu vilevile. Nakshi ya Ikonge ichorwe na macho yaliyoiona Ikonge.

Kitu ambacho mkono hujifunza ni utulivu. Mchuma chai huchagua majani mawili na chipukizi katikati ya bahari ya kijani, na vidole vyake havikosei. Macho ya namna hiyo ndiyo yanayohitajika hapa. Mstari hautaki haraka. Ukishusha pumzi, mkono unatulia, na maneno unayoyaandika unayasoma herufi kwa herufi. Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya wale wa kale. Waliyapamba maneno waliyoyaheshimu. Herufi kubwa ya rangi iliwekwa mwanzo wa sura ili msomaji asimame, atambue kwamba jambo zito linaanza. Urembo ulikuwa mtumishi wa neno.

Najua wapo watakaouliza: simu ina maandishi ya kila namna, mashine ya kuchapa iko pale sokoni, tuhangaike na masizi ya nini? Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni hili. Maneno tunayoyapokea kwa simu ni mengi mno, na mengi tunayapitisha bila kuyasoma. Neno ulilolitengenezea wino, ukalichongea kalamu, ukalikalia jioni nzima, huwezi kulisahau. Na kitu kilichoandikwa kwa masizi juu ya ngozi au karatasi njema kinadumu. Injili za Abba Garima zimevuka zaidi ya miaka 1300. Miswada ya msikiti wa Riyadha kule Lamu imehifadhiwa kwa vizazi hata wataalamu wakaja kuipiga picha katika mradi wa Maktaba ya Uingereza, ili isipotee. Hakuna simu iliyowahi kuishi muda huo.

Jambo kubwa zaidi ni lugha yetu. Ekegusii ina misemo, nyimbo za kubembeleza watoto, majina ya koo na masimulizi ya obokano, ala yetu ya nyuzi, ambayo mengi yamo midomoni mwa wazee tu. Mong'ina, yaani bibi kizee, anapoondoka, anaondoka na maktaba yake. Kwa muda mrefu tumesema kwamba tuyaandike, na wapo walioyaandika, nawashukuru. Mimi naomba tusonge hatua moja mbele: tuyaandike kwa uzuri. Mtoto anayekuta msemo wa bibi yake umeandikwa kwa wino mweusi, herufi ya kwanza imepakwa udongo mwekundu wa shamba lao na kuzungushiwa suke la wimbi, ataelewa bila kuhubiriwa kwamba lugha hiyo ina thamani.

Walimu, mnisikilize. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi watengeneze vitu kwa mikono na watumie mazingira yao. Darasa moja la sanaa linaweza kuunganisha sayansi ya tanini na chuma, historia ya Ethiopia na Lamu, na lugha ya mama, kwa gharama ya yai na unyoya. Mafundi wa Tabaka, nanyi nawaomba: waiteni vijana, muwaonyeshe jinsi ya kushika ncha na kuufuata mviringo. Kijuma aliweza kutoka kwenye mlango kwenda kwenye ukurasa. Mnaweza kutoka kwenye jiwe.

Na wewe msikilizaji, wiki hii mwendee mzee mmoja wa nyumbani kwenu, baba, mama au bibi. Mwombe msemo mmoja tu anaoupenda, uunukuu alivyousema yeye, na jina lake uliweke chini. Kisha tafuta unyoya, masizi na udongo, uuandike msemo huo kwa mkono wako, na uutundike ukutani ambapo watoto wanaupita kila siku. Ukimaliza, mwombe wa pili. Kurasa kumi zikishonwa pamoja zinakuwa kitabu, na Ikonge itakuwa na kitabu chake.